Meza ya Miguu Mirefu

Tiburcia alikuwa anasukuma tortila za ngano mjukuu wake Delfina alipotoa daftari mkobani na kulifungua mezani. Lilikuwa daftari la shule tu, la jalada la buluu, lakini bibi huyu wa miaka sabini na minane hakupenda kukaa karibu na mtu anayeandika majina.

"Bibi, jana nilikuwa Vícam," Delfina alisema. "Kwa Wayaki, wenyeji wa asili wa huku."

"Wayaki wanakuhusu nini? Sisi ni watu wa Álamos. Damu ya Hispania tupu."

"Hispania gani na rangi hii, mke mwenzangu?"

"Ni jua tu hilo. Ungekaa ndani usingeungua."

Delfina alicheka, lakini hakumwachia. Alinyoosha kidole uani, kwenye meza ambayo Tiburcia huisimamisha kila Oktoba, yenye miguu mirefu kiasi kwamba mtu mzima huinua mikono ndipo aweke sahani. Majirani wamekuwa wakiambiwa imeinuliwa ili mbwa wasifikie chakula, na majirani wa Sonora wana adabu ya kujifanya wameamini.

"Kule kila nyumba ina meza kama yako. Wanawaandalia wafu wao. Na kando ya chakula kuna kitabu cha majina, mzee wa sala anayasoma moja moja. Wanasema asiyesomwa hajui kwamba ameitwa. Anapita tu na njaa yake."

Alikuwa anamwambia mwenye nyumba habari za nyumba yake. Miaka sitini na tisa Tiburcia ameweka chakula bila kitabu, na kila mwaka amelala akijua kwamba mama yake hakuja kula.

"Babu nimemwandika, mama nimemwandika. Hapa pamebaki wazi. Mama yako aliitwa nani?"

Swali lilikuwa lile lile. Mwaka 1908, serikali ilipokuwa ikiwasaka Wayaki, shambani walikojificha kwa jina la Ruiz, mwanamume mwenye karatasi aliwauliza watu wazima wote, wakamjibu uongo mtupu. Akachuchumaa mbele ya mtoto wa miaka tisa, akampa kipande cha sukari guru, akauliza kwa upole: mama yako anaitwa nani hasa? Tiburcia akajibu vizuri, jina lote la Kiyaki, kwa sababu alipenda kuonekana anajua. Adhuhuri mama yake alikuwa ndani ya behewa la kwenda Guaymas, kisha meli, kisha mashamba ya mkonge ya Yucatán, upande wa pili wa nchi. Hakurudi. Jambo hilo Tiburcia hajawahi kumwambia mtu.

"Umejiandika humo na wewe?" aliuliza.

"Ni cha wafu, bibi. Mimi bado nipo."

"Usijiandike. Unasikia wewe? Usijiandike kamwe."

"Bibi, Vícam wamenisimulia. Wale askari waliowakamata Wayaki walikwisha kufa wote."

"Karatasi zao je?"

Tiburcia aliinuka, akafunga mlango na kutia komeo, mchana ule wa joto. Hata hapo hakuthubutu kusema kwa sauti. Alimshika mjukuu wake kichwa kwa mikono yenye unga, akamnong'oneza sikioni.

"Loreta Buitimea."

Kalamu ilikwaruza. Nje mbwa akabweka, na Tiburcia akamvuta Delfina nyuma yake, akasimama kati yake na mlango, kifimbo cha kusukumia mkononi. Kumbe aliyebwekewa ni muuza mafuta ya taa. Akapita na punda wake.

Walisubiri mpaka vumbi likatulia. Ndipo Tiburcia alipochukua daftari na sahani ya tortila, akatoka uani, akaviinua vyote viwili juu ya meza.

"Loreta Buitimea," alisema, safari hii kwa sauti. "Mama, njoo ule. Ni mimi niliyewaambia."

Kisha akageuka haraka kutazama barabara, kuona nani amesikia.