Kona za Kushoto

Kaka yangu aliamini gari lina kisirani. Mimi nilitaka kujua kwa nini kisirani chenyewe kinakuja kwenye kona za kushoto tu.

Ni gari letu la nyumbani, lile lile la kubebea magunia ya unga. Jumapili tunalikimbiza katikati ya koni za plastiki kwenye uwanja wa maghala, pamoja na wenzetu wenye wazimu kama huu. Kaka anaendesha, mimi najaza upepo. Asubuhi hiyo mkia ulikuwa umeserereka mara mbili, gari likageuka kutazama lilikotoka. Mama, aliyekuja kututazama kwa mara ya kwanza, alisema bila kupandisha sauti:

"Likizunguka tena, funguo nachukua. Mchezo basi."

Tulibakiwa na zamu moja.

"Punguza upepo wa nyuma," kaka akaniambia.

"Pande zote? Mbona kulia linakata vizuri tu?"

"Mdogo wangu, maswali baadaye."

Kuuliza si ujinga, ila kwa kaka ni ugomvi. Nikachuchumaa na geji ya kupimia upepo. Upande wa kushoto jua lilinichoma mgongo. Nilipohamia kulia, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, nikapoa. Nikarudi kushoto kuligusa tairi: la moto. La kulia lilikuwa baridi, na gari limesimama muda mrefu.

Nikacheka peke yangu. Kila Jumapili tunaegesha hapo hapo, nami najaza pande zote sawasawa. Kumbe upepo ukipata joto huvimba. Tairi la juani nalipima limeshavimba. La kivulini linakuja kuvimbia mbioni, likawa gumu kuliko mwenzake. Na gari likikata kushoto, uzito wote unalalia matairi ya kulia, na tairi gumu huteleza.

Nikapunguza upepo wa nyuma kulia tu.

"Umefanya nini?" kaka akauliza.

Nikamweleza. Akanitazama, akamtazama mama.

"Ukikosea, ndiyo basi tena."

"Najua." Niliogopa, sikatai.

Akaondoka. Mama alishika tama. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto mkia ulicheza kidogo, ukatulia. Ya pili haukucheza kabisa.

Kaka akarudi. Mama alilizunguka gari polepole, akigusa tairi moja moja kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Kisha akautazama ukuta.

"Jumapili ijayo," akasema, "liegesheni lote kivulini."