Hodi ya Ndege

Mzee wa kanisa Boazi alipopewa kazi ya kutunza kiwanja cha ndege cha Igamba, aliagizwa neno moja tu: ndege ikija, pasiwe na mtu wala ng'ombe uwanjani. Ng'ombe aliwaweza. Watu ndio walimshinda, maana wa kwanza wao alikuwa yeye mwenyewe.

Masika ya mwaka 1949 barabara ya Mbeya ilikatika, na binti yake Tabita alikuwa zahanati ya misheni ameshindwa kujifungua. Misheni wakapiga simu Mbeya, wakajibiwa kwamba daktari angeletwa kwa ndege jioni ile. Boazi alishukuru, kisha akaona haya. Mtu anakuja kumwokoa mwanawe, naye ampokee kwa uwanja mtupu? Kwetu mgeni hupokelewa njiani, na mzigo wake hutwaliwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akaita kwaya na akina mama, akawapanga mistari miwili, huku na huku kando ya njia ya ndege.

Ndege ikaja, ikashuka chini kabisa, ikapanda tena. Mkewe Ketrina alisema huenda rubani anataka wasogee. Lakini Boazi hajapata kushindwa ubishi na mtu, sembuse mkewe.

"Anapiga hodi," alisema. "Hodi ya tatu tutaitikia."

Ikazunguka, ikashuka tena. Mara ya tatu Boazi akainua mkono, na watu wote wakamiminika katikati ya uwanja wakiimba na kupunga matawi. Ndege ikanguruma juu ya vichwa vyao, ikageuka kurudi Mbeya. Giza likaingia.

Kulipokucha ilirudi. Boazi alikuwa amekwisha kuwafukuza watu wote kwa fimbo ile ile ya ng'ombe. Daktari akashuka, akabeba mkoba wake mwenyewe, na Boazi hakuthubutu kumpokea.

Tabita alipona. Mtoto alizikwa mchana ule. Jioni Boazi aliingia zahanati, akakaa karibu na mlango, hana pa kuweka macho. Alitaka kuomba radhi, hakujua aanzie wapi. Binti yake ndiye aliyeanza.

"Baba, jana niliwasikia mkiimba," alisema taratibu. "Nikajua daktari amefika."