Sabufa ya Kishindo

Mimi sina roho ya kusamehe, nalisema mapema ili mtu asije akanitegemea kwa hilo. Kuna watu wanakosewa asubuhi, jioni unawakuta wanacheka na yule yule aliyewakosea. Hongera zao. Mimi hukaa na jambo langu moyoni, nikalichochea polepole mpaka liive.

Jambo lenyewe lilimhusu jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Kishindo kwa sababu ya muziki wa gari lake. Gari lenyewe sasa! Kigari cha milango miwili, ukiingia lazima ukunje magoti, lakini besi iliyokuwa ndani yake ingetosha ukumbi wa harusi. Kila alasiri alikuwa akiliegesha mbele ya mlango wake, anafungua milango yote, anaanza kuliosha huku mdundo ukienda. Barabara yetu ni nyembamba. Dirisha la chumba cha mama yangu lilitazamana na gari hilo, na mama alikuwa kitandani, hajiwezi kwa lolote.

Nilimwomba. Hilo naomba lieleweke, sikuanza kwa shari. Nilivuka barabara nikamwambia kwa adabu kwamba ndani nina mgonjwa, apunguze kidogo. Akasema haya. Kesho yake mambo yakawa yale yale. Nikarudi, nikamwomba tena, akanijibu kwamba barabara haikujengwa na mama yangu. Mara ya mwisho aliendelea tu kumwagia maji kioo cha mbele kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme.

Siku mama anakata roho ilikuwa alasiri vilevile. Alikuwa hajatamka neno tangu juzi yake, nami nilikaa pembeni ya kitanda namlowesha midomo kwa pamba. Akafungua macho, akanitazama sawasawa, akaanza kusema. Niliiona midomo inakwenda. Sikusikia hata neno moja, maana vioo vya dirisha vilikuwa vinatetemeka kwa besi na sauti ya mama ilikuwa imebaki ndogo kabisa. Niliinama mpaka sikio langu likagusa mdomo wake, nikasikia pumzi na ule mdundo, basi. Nikakimbilia dirishani nikapiga mayowe, zima, zima, huku nampungia mikono. Kishindo aliniona. Akacheka, akaongeza sauti. Niliporudi kitandani mama alikuwa amefumba mdomo, na hakuufungua tena.

Sasa mtu wa namna hiyo unamsameheje?

Utasema mbona na mimi ndiye ninayewauzia watu kelele, maana karakana yangu iko hapo hapo mbele ya nyumba, nafunga muziki kwenye magari na kutengeneza maboksi ya sabufa, zile spika kubwa za besi. Ni kweli, ndiyo kazi yangu na inanilisha. Lakini hata mchinja mbuzi haendi kumchinjia mbuzi wake kwenye chumba cha mgonjwa. Na muziki ule wa Kishindo sikuufunga mimi. Aliufungisha kwa fundi mwingine, na ulikuwa umefungwa hovyo hovyo, waya zinaning'inia kama utumbo.

Ndani ya nyumba ile mtu wa maana alikuwa mmoja tu, mke wake. Binti mpole, fundi cherehani, mikono yake haijui kukaa bure. Mama alipozidiwa, yeye ndiye aliyekuwa akivuka barabara kuja kunisaidia kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha shuka. Aliniita dada, nami nikamchukua kama mdogo wangu wa tumbo moja. Halafu siku moja, mama akiwa ameshazikwa, alirudi kutoka sokoni akakuta cherehani haipo. Kishindo ameiuza, akanunulia amplifaya ya muziki wa gari lake. Binti hakugombana. Alifunga nguo zake kwenye begi akaenda kwa mama yake mkubwa, upande wa pili wa mji.

Haukupita muda, Kishindo akaja karakana, meno yote nje. Mikononi ameshika sabufa mpya, kubwa kama sufuria ya kupikia watu mia. Akasema mtaani wanasema hakuna anayenishinda kwa maboksi, kwa hiyo amekuja kwangu. Alinichangamkia kweli kweli, hana habari. Nilimtazama usoni nikatafuta hata chembe ya aibu, nikaikosa. Kumbe siku ile ya dirisha haikubaki kichwani mwake hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko kicheko chenyewe. Nikamwambia karibu, lete gari.

Tukalipima. Buti la kigari kile lingeingiza mikate na ndoo, si sabufa ile. Chini ya kiti pia haikuenea. Nikamweleza kwamba spika ya ukubwa ule inataka boksi lenye nafasi ndani, ukilibana sauti inatoka kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi, na kwamba njia iliyobaki ni kung'oa kiti cha nyuma chote. Nilidhani atasita. Akasema ng'oa tu, nani atakaa huko. Alilisema akicheka, lakini kicheko kilikatika njiani, akajifanya anakagua tairi. Mimi nikachukua spana.

Nilikuwa kwenye kukata mbao za boksi mke wake aliponipigia simu. Nilizima msumeno nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Akaniambia kaka yake amempatia kazi mbali, kwenye kiwanda cha kushona nguo, na Jumamosi wanaondoka pamoja. Kisha akasema lipo lingine. Lilikuwa hili: bado alimpenda mumewe. Anapenda nini pale, mimi sijui mpaka leo. Kumpigia simu mwenyewe hataki, kwa sababu akimpigia atalia. Kumwandikia hataki, kwa sababu ujumbe aliowahi kumwandikia nyuma, Kishindo aliwasomea marafiki zake wakacheka.

"Mwambie wewe, dada, kwa mdomo wako," akasema. "Mwambie aje Jumamosi kabla sijaondoka. Akija narudi naye, hata cherehani sitaitaja. Lakini mwambie mara moja tu. Usimbembeleze."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mweupe, nakuapia. Nilipenda mdogo wangu apate anachotaka, hata kama anachotaka ni takataka.

Lakini nikarudi kwenye boksi. Nikapiga gundi, nikakaza skrubu, nikaziba pembe zote kwa silikoni isipite hata hewa ya kuzima kiberiti. Kila nikikaza skrubu namwona yule mtu dirishani, anacheka, mkono unakwenda kuongeza sauti. Nikajiuliza, yaani mimi, kwa mdomo wangu huu, ndiye nitakayempelekea Kishindo habari njema? Yeye aninyime neno la mwisho la mama yangu, halafu mimi nimtunzie lake, nimkabidhi safi, limefungwa vizuri? Hapo ndipo shetani wangu aliponikalia begani, na mimi sikumfukuza.

Kazini kwangu kuna desturi moja ambayo siivunji kwa mteja yeyote. Gari haliondoki mpaka tulijaribu pamoja. Mwenye gari anakaa kwenye usukani, mimi nakaa pembeni yake, milango imefungwa, vioo juu. Napandisha sauti hatua kwa hatua, nasikiliza kama kuna bati linalolia au skrubu inayotetemeka. Kwa kuwa humo ndani hakuna anayemsikia mwenzake, mteja namfundisha kabla: nikikutazama nikachezesha midomo, ujue nauliza kama iko sawa. Kama iko sawa tikisa kichwa kuitikia, kama inakera inua kiganja. Wote wanaijua, hata watoto wa mtaa wanaigiza.

Kishindo naye nikamfundisha. Akasema sawa fundi.

Tukaingia. Magoti yake yaligusa usukani, boksi limejaa nyuma yetu mpaka karibu na visogo. Nikawasha. Sauti ya chini, nikamtazama, nikauliza, akatikisa kichwa. Nikapandisha. Akatikisa kichwa. Nikapandisha mpaka kifua kikawa kinapigwa kutoka ndani, mpaka kioo cha kuangalia nyuma kikawa hakionyeshi kitu kwa kutetemeka. Kazi ilikuwa safi, hakuna bati hata moja lililolia. Nikamgeukia uso kwa uso. Nikafungua mdomo, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, bila kuruka neno:

"Mkeo anaondoka Jumamosi. Anasema umfuate kwa mama yake mkubwa. Ukienda, anarudi na wewe."

Kishindo akatikisa kichwa. Akainua na kidole gumba juu, uso umemng'aa kama mtoto aliyepewa puto.

Nikazima. Akashuka, akalizunguka gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akisema hajawahi kuona kazi kama hii. Mimi nikamwambia karibu tena. Alipoondoka nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu. Nilimwambia au sikumwambia? Nilimwambia. Kwa mdomo wangu, mara moja, bila kumbembeleza. Nilijiona nimemshika pabaya, na raha niliyoipata pale siwezi kukuficha.

Raha yenyewe ilidumu mpaka simu ilipolia.

"Umemwambia, dada?"

Nikasema nimemwambia. Akauliza kajibuje. Nilikuwa nimepanga kusema hakujibu kitu, na ingekuwa kweli pia, na ingekuwa nafuu yake. Sijui nini kilinipitia. Labda nilitaka kujionyesha mwenyewe kwamba sidanganyi. Nikasema, "Ametikisa kichwa kuitikia."

Upande wa pili nikasikia anacheka huku anavuta kamasi. Akamwita mama yake mkubwa, nikamsikia anamwambia amekubali, atakuja. Akarudi kwenye simu akaniuliza kama Kishindo amekonda. Nikamwambia kidogo.

Jumamosi nilifungua karakana lakini mikono haikushika kazi. Asubuhi mdogo wangu alinipigia kuniambia amejiandaa, begi liko mlangoni. Baadaye akapiga kusema labda kuna foleni. Mchana akapiga tena, nyuma yake kaka mtu anafoka kwamba wanachelewa, akaniomba nichungulie tu kama gari la mumewe limeondoka.

Halikuwa limeondoka. Lilikuwa pale pale mbele ya mlango, povu juu ya bati, na sabufa yangu inadunda mpaka makopo ya skrubu yanasogea yenyewe rafuni. Nikaweka simu mfukoni, nikavuka barabara. Kwa nini nilivuka sijui, miguu ilikwenda tu.

Kishindo aliponiona, akaingiza mkono garini akazima muziki. Mwenyewe, bila kuombwa. Barabara nzima ikatulia, ukasikia maji yanavyodondoka kutoka kwenye sponji. Kumbe alikuwa anajua kuzima.

Akanisalimu kwa heshima, fundi wangu, fundi wangu. Akasema boksi liko imara. Halafu akabana sponji, akaangalia chini, akasema nyumba imepooza siku hizi. Mke wake hajampigia tangu aondoke, na yeye anaogopa kwenda kule kwa mama mkubwa, watamfukuza kama mbwa, na haki yao.

"Wewe na yeye mlikuwa mnapatana," akasema. "Hakukuambia chochote?"

Neno lilikuwa limenijaa mdomoni. Muda ulikuwepo bado, angeendesha kigari kile na povu lake angefika. Nikamtazama, na mtu niliyemwona mbele yangu alikuwa na huzuni, si mwingine, ni mtu na huzuni yake. Ndipo nikageuza macho nikaliona dirisha la mama, pazia limefungwa.

"Sina habari zake," nikasema.

Akaitikia, akashukuru, akarudi kwenye kuosha. Alikaa kitambo bila kuwasha muziki. Mimi nikarudi karakana, nikashika msasa nikaanza kulainisha boksi ambalo lilikuwa limeshalainika.

Mdogo wangu alinipigia jioni wakiwa njiani. Nilisikia injini na upepo wa dirishani. Nilidhani atalia au atamlaani mumewe, nami nilikuwa tayari kumsaidia kumlaani. Hakufanya hivyo. Alinishukuru. Alisema nimemfanyia alichoniomba na hana deni na mimi.

"Ila dada, angekataa tu siku ile," akasema. "Angekataa ningeondoka na hasira, ningejua la kufanya. Sasa yeye ametikisa kichwa. Nimekaa mlangoni na begi toka asubuhi, kila gari likipita nasimama. Mtu anatikisaje kichwa kwa jambo kama lile, dada?"

Hiyo mikono iliyoshika begi siku nzima ndiyo iliyomgeuza mama yangu kitandani, na yule niliyetaka aumie alikuwa ng'ambo ya barabara anakausha vioo, hajui hata kama kuna kitu amepoteza.

Akadhani simu imekatika. Akaniita, "Dada? Dada, unanisikia?"

Nilikuwa namsikia vizuri sana, neno kwa neno.