Sahani ya Kumkalisha Mtu

"Hivi pale kwako, mwenzangu, nani anamnyima mwenzake usingizi?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo huku ameuma uzi mdomoni. Mashine yake iko ukuta kwa ukuta na jiko langu, kwa hiyo tunayozungumza asubuhi na mwanangu yote anayasikia. Nilicheka, nikamwambia anapenda mambo ya watu kuliko nguo zao. Lakini swali halikunitoka kichwani.

Mwanangu ni mwoka mikate. Jua likizama anakwenda tanurini, likichomoza anarudi, nyusi zimejaa unga. Huko wanatafuna mikate iliyoungua kingo na kunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, maana ndivyo vilivyopo, na ndivyo vinavyofukuza usingizi. Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo, akala hivyo hivyo, akalala vipande vipande hivyo hivyo. Mungu alimchukua kabla ya mvi, ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni. Tangu hapo, kutwa nzima sina wa kunijibu ila huyu mtoto, saa ile anaporudi.

Basi nikawa nampikia. Viazi vya kukaanga, mayai, nyama kama ipo, sahani imefura. Sahani kubwa humkalisha mtu. Atakula, atanisimulia nani kagombana na msimamizi na nani kasinzia juu ya gunia la unga, nasi tunacheka mpaka jua linaingia chini ya meza. Ndipo anakwenda kulala kwenye joto na kelele, tumbo limejaa. Adhuhuri haijafika, yuko macho.

Kabla ya jirani kuniuliza lile swali, nilikuwa nimemsindikiza mwanangu zahanati. Presha ilikuwa juu, na sukari nayo ilianza kupanda. Muuguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alimwuliza anakula nini, kisha analala vipi.

"Kwani usingizi nao unapimwa?" mwanangu akatania.

"Cheka tu, baba. Ukilala kidogo, mwili unatamani sukari na mafuta. Ukishiba hivyo ndipo ulale, usingizi wenyewe unakuwa mbovu, na ukiamka unatamani vile vile. Vinapeana mkono. Havimwangushi mtu leo wala kesho, lakini vikikaa naye miaka, vinamwahisha kaburini." Akasema ale chakula chepesi, mboga kwa wingi, kisha akalale moja kwa moja chumba chenye giza.

"Mama ndiye mpishi," mwanangu akasema. Muuguzi akanitazama.

Jana nilisali sala fupi: nipe nguvu ya kumwacha aende kulala. Kisha nikatundika blanketi dirishani mwa chumba chake cha uani, nikaondoa redio. Leo asubuhi nikamwekea sahani ndogo: mboga za majani, yai la kuchemsha, na kikombe cha maji.

"Mama, tumeishiwa?"

"Hatujaishiwa. Kula ukalale."

"Ngoja kwanza nikwambie, leo msimamizi kajifungia mwenyewe stoo..."

"Utaniambia siku yako ya mapumziko."

Akaacha kutafuna. "Leo umenichoka?"

"Baba yako naye alikuwa hodari wa kusimulia," nikamwambia. "Mimi hadithi sizitaki. Namtaka mwenye hadithi."

Cherehani ya jirani ikanyamaza ghafla. Mwanangu akachezea yai kwa kidole, hakuniangalia.

"Na wewe je? Utaongea na nani kutwa nzima?"

"Nina Mungu wangu. Na huyo hapo ukutani, masikio anayo ya kutosha."

Upande wa pili mtu akakohoa, mashine ikaanza tena mbio mbio. Mwanangu akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Nilitamani kumuuliza msimamizi alitokaje stoo. Nikashika kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi.

Alimaliza mboga, akamaliza yai, akanywa maji yote. Kopo la sukari lilikuwa karibu na mkono wake, akalisukuma taratibu mpaka upande wangu. Halafu akasimama, akavua kandambili, akazibeba mkononi kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, akatoka kuelekea uani.