Kiota Katikati ya Shamba la Vestine

Kule Burungu, jembe la zamu halibagui. Wanawake wakija kumlimia mwenzao, hujipanga mstari chini ya kilima na kulima hadi juu bila kuacha jani. Kinachozungukwa ni mtoto mchanga tu, aliyelazwa juu ya kitenge. Kichaka kikibaki, mwenye shamba ataitwa mvivu mpaka mavuno.

Siku ya zamu yake, Vestine alimlaza mwanawe Raphaël katikati ya shamba, kando ya fungu la majani marefu. Humo kandege kamoja kadogo kalikuwa kanalea makinda. Kwenye masomo ya jioni, mwalimu wao Monsieur Damascène alikuwa amewasimulia habari za ndege wa namna hiyo huko Amerika ya Kusini: mbuga zao zimelimwa karibu zote, na sasa watu wanabembelezana kuwaachia majani kidogo, walau mpaka makinda waruke. Vestine hakuyasahau maneno hayo.

Mstari ukakaribia, mama mkwe wake Nyirabagenzi akiwa mbele.

"Vestine, mutoto analala mu jua hivi juu ya nini?"

"Iko na usingizi, mama. Tumupitie pembeni."

"Usingizi gani? Macho iko wazi kama ya paka."

Wanawake wakacheka. Raphaël naye, kama aliyetumwa, akaanza kulilia titi. Ikambidi Vestine amwinue amnyonyeshe, kitenge kikabaki kitupu.

"Basi ameamka," akasema jirani yao Joséphine-Marie, akiinua jembe. "Tuendelee, ao tutalala hapa?"

Vestine angesemaje kwamba anawalilia ndege, mbele ya watu wanaoshinda wakiwafukuza ndege kwenye mtama?

Nyirabagenzi alikwisha kuinama. Alitenganisha majani kwa mpini wa jembe, akachungulia. Vinywa vya manjano vilikuwa vimeachama vikingoja chakula. Akamtazama mkwe wake. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika mbele ya kiota.

"Mutoto mwingine iko analala hapa."

"Wa nani tena?" akauliza Joséphine-Marie.

"Wa Vestine. Iko anazaa sana, hamukujua? Mupite pembeni, na mutu asipige kelele."

Mstari ukagawanyika huku wakiguna na kucheka, ukaungana tena upande wa juu. Nyirabagenzi akamsogelea mkwe wake, akashusha sauti.

"Wakisharuka, ile fasi ya majani utalima wewe mwenyewe."

"Njo vile, mama," akakubali Vestine, akambusu Raphaël utosini.