Bega la Kubebea Sinia

Klabu ya mishale ya Kyebando ilikuwa na upinde mmoja tu wa mtu anayevuta kwa mkono wa kushoto, na watu wa kushoto walikuwa wawili: Awiti na kijana Fahim. Jumapili ile, katika kiwanja cha shule walichokodi, mmoja wao angeondoka na upinde huo kujiandaa kwa mashindano ya Nairobi. Mwingine angengoja mpaka klabu inunue wa pili, na kila mtu alijua kwamba hiyo ni sawa na kuambiwa asirudi.

Fahim alikuwa amekwisha kupiga. Awiti alibakiza mishale mitatu, kila mmoja ukiwa na dakika moja tu, na ili upinde ubaki kwake alihitaji alama ishirini.

Alikuwa mhudumu wa baa huko Kabalagala. Kazini alipita katikati ya walevi na sinia la chupa juu ya kiganja cha kushoto, bega limepanda karibu na sikio ili asimmwagie mtu. Bega hilo lilikuwa limesahau kushuka. Kila alipovuta upinde lilipanda lenyewe, mkono ukabeba kazi yote, ukatetemeka, na mshale ukaenda ulikotaka. Wiki nzima alikuwa wa wateja. Hapa tu ndipo alipokuwa wa nafsi yake.

Mwalimu wao, Hajati Mwanawetu, alizoea kumwekea ngumi katikati ya mgongo. "Ibane," akimwambia. "Mkono ni kulabu tu. Kombe la bega ndilo livute, lirudi kwenye uti wa mgongo." Ngumi ikiwapo, Awiti aliweza. Ikiondoka, hakuweza. Na leo mwalimu hakuruhusiwa kuvuka mstari wa wapigaji.

Mshale wa kwanza ulitua kwenye buluu. Sita.

"Sinia hilo, liweke chini!" Hajati aliita kutoka nyuma.

"Nimeliweka, Hajati!"

"Hujaliweka, mwanangu. Sikio lako silioni."

Watu wakacheka. Awiti hakucheka.

Akavuta mshale wa pili. Uzi ulipofika kidevuni alihisi bega likipanda, na maumivu yale ya zamani yakamchoma shingoni. Angeweza kuachia. Badala yake akaurudisha uzi taratibu, akashusha upinde, akapumua.

"Saa inakwenda!" mtu akapiga kelele.

Akavuta tena. Bega likapanda tena. Akashusha tena, machozi yakimlenga. Mara ya tatu aliuacha mkono ulegee, akatafuta mgongoni mahali ambapo ngumi ilizoea kukaa. Hapakuwa na kitu. Akaendelea kupatafuta, uzi ukiwa nusu ya njia, mpaka nyama za chini ya kombe zilipoanza kukaza, polepole mno.

Filimbi ikalia. Muda umekwisha. Sifuri.

Mshale wa mwisho aliuvuta huku amekwisha kujua hesabu. Kombe likarudi nyuma, kifua kikafunguka, uzi ukatoka vidoleni bila yeye kuuachia. Mshale ukatua katikati ya njano, ukatulia. Kumi.

Hajati alimjia akikimbia, buibui lake amelikusanya mkononi. "Umeona? Huo ndio mgongo! Umepata!"

"Nimepata nini, Hajati, na upinde unaenda?"

Fahim alisogea, hajui aweke wapi macho. "Banange, jamani, dada Awiti, ule wa pili ungepiga tu. Hata nne ya nyeusi ingetosha."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ungekuwa wa mkono tena, si wa mgongo." Akampa upinde. "Shika hapa. Usiuburuze."

"Jumapili ijayo uje," Hajati alisema.

"Nije nivute nini?"

Awiti akavua kinga ya vidole, akaiweka juu ya meza ya klabu pamoja na za wengine, akaenda barabarani kutafuta boda. Zamu yake Kabalagala ilikuwa inakaribia.