Majina Ishirini kwa Ziwa la Angani

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mwenye mdomo, tena mkali kuliko mkasi wake, na mtaa mzima ulimpenda kwa hilo. Siku zote alishona magauni na kupunguza suruali. Lakini kila mwanzo wa mwezi alivuka barabara na karatasi mkononi, akaibandika kwenye kioo cha duka la vitabu lililotazamana na karakana yake. Juu aliandika VINAVYOKUJA, na chini yake maoni yake kuhusu vitabu vya majoka, uchawi na vyombo vya angani ambavyo vilikuwa bado kutoka. Bado kutoka, jamani! Alivihukumu kwa jalada na mistari mitatu ya tangazo la mchapishaji, na watu walimwamini kama wanavyomwamini daktari.

"Roboti Aliyekataa Kustaafu," aliandika mwezi ule. "Huyu nimempenda hata kabla hatujaonana. Andikeni majina haraka kwenye orodha ya dukani, muagiziwe. Majoka ya Ghorofa ya Saba: majoka tena? Jamani wapumzisheni, nao wana migongo."

Kisha akafika kwenye Ziwa la Angani, juzuu ya tatu na ya mwisho, na hapo kalamu ikatoboa karatasi.

Ilikuwa hadithi ya ziwa lililong'oka ardhini na watu wake wote, likawa linaelea katikati ya nyota. Bibi mmoja mzee, mkaidi kupindukia, alishika funguo za lango la maji ili ziwa lisimwagike angani. Fundi na mama mkwe wake walimpenda bibi yule kama ndugu yao. Juzuu mbili walizimaliza pamoja, mmoja kwenye cherehani, mwingine kwenye kiti cha dirishani na miwani puani, akisoma kwa sauti na kuigiza kila mhusika. Halafu wakasubiri miaka tisa. Miaka tisa! Na sasa tangazo linasema bibi anatoweka sura ya kwanza, funguo anashika mjukuu.

"Wametuweka miaka tisa ili watunyang'anye bibi yetu," Fundi aliandika. "Kitabu hiki kipiteni mbali. Siku mkiona jina langu kwenye orodha yake, mtaniona napita mtaa huu nimevaa gauni ndani nje."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi akarudi kwenye cherehani yake roho imetulia kabisa.

Jumatano asubuhi, mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Bwana Vitabu, aliingia karakanani amekunja uso.

"Fundi, umeniua. Mchapishaji hafungui boksi, na boksi moja ni vitabu ishirini. Majina yasipofika ishirini, haleti hata kimoja. Nilikuwa na majina kumi na matano. Tangu ubandike karatasi yako, wamekuja kujifuta mmoja mmoja. Yamebaki mawili."

"Mawili ya nani?"

"La nesi, aliyekuwa safarini." Bwana Vitabu akageukia dirishani. "Na la mama hapa. Jina la kwanza kabisa. Mwisho ni Jumamosi saa sita mchana."

Mama mkwe alivua miwani. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Mwanangu, miaka tisa nimesubiri nijue lile ziwa linatua wapi. Akitoweka, nataka nijue anatoweka vipi. Wewe umekasirika kwa niaba yangu, na wala hukuniuliza."

Akafunga kitabu alichokuwa akisoma. Siku nzima cherehani ililia peke yake, na Fundi akajisikia mdogo kuliko kifungo cha shati.

Jioni hiyohiyo akabandua karatasi, akaandika nyingine. "Nilikosea. Sijakisoma, nanyi hamjakisoma. Nilikuwa na hasira kwa sababu nakipenda. Mama mkwe wangu anakisubiri. Tafadhali andikeni majina."

"Fundi kageuka!" kinyozi alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Si ulisema tupite mbali?"

"Nilisema. Nilisema upuuzi. Njoo uandike."

"Na wewe umeandika?"

Fundi akajifanya hakusikia. Kwa siku mbili alizunguka kama mwanasiasa. Wateja waliokuja kupimwa hawakuachiwa mpaka wasikilize habari za ziwa, funguo na lango, na yeye mwenyewe akiigiza sauti za mama mkwe, vibaya mno. Mwanamke mmoja aliandika jina lake ili tu atolewe pini kiunoni. Majina yakapanda: saba, kumi na moja, kumi na sita. Kinyozi naye akaandika, akisema anataka tu kuona ugomvi utaishaje.

Jumamosi, saa sita kasorobo, yalikuwa kumi na tisa. Bwana Vitabu hakuwahi kuandika jina lake kwenye orodha za dukani kwake, na alisema hataanza leo. Watu walikuwa wamejaa mbele ya kioo. Walimtazama tu Fundi, mmoja baada ya mwingine, na kinyozi alikuwa anauma midomo asicheke.

"Nyie watu hamna huruma," Fundi alisema. "Haya!"

Akavuka barabara mbio, akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo. Alipotoka, gauni lake la bluu lilikuwa ndani nje: mishono yote hadharani, nyuzi zinaning'inia, lebo inapepea shingoni. Mtaa ukalipuka. Vigelegele, miluzi, mtu akagonga sufuria. Fundi akanyoosha shingo, akaingia dukani, akaandika jina lake kwa herufi kubwa mbele ya namba ishirini. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne.

Akashusha pumzi. Sasa ilibaki ahadi: kuupita mtaa mzima, mwanzo hadi mwisho, na watu walishajipanga pande zote mbili. Akatoka nje akiwa amefumba jicho moja kwa aibu.

Mama mkwe alikuwa anamsubiri mlangoni pa duka. Alikuwa amevaa sweta lake la kijivu ndani nje, vifungo vimefichwa tumboni, mifuko inaning'inia kama masikio.

"Mama! Wewe hukuahidi kitu!"

"Na wewe hukuniuliza," alisema mama mkwe, akampa mkono amshike. "Twende taratibu, magoti yangu unayajua. Tukirudi tunaanza upya juzuu ya kwanza, kitabu kisije kikatukuta tumesahau."

Wakaondoka wameshikana mikono, nyuzi zikipepea, na hata kabla hawajafika kwa kinyozi, mama mkwe alikuwa ameshaanza kwa sauti ya yule bibi wa lango.